Tusinunue Mawe kwa Bei ya Udongo



Kila kiangazi, kabla masika hayajaingia, vitalu vyetu huanza kuletewa udongo. Gari la ng'ombe hufika, udongo humwagwa chini ya makuti, bei hulipwa, kisha wake zetu na watoto hukaa kitako kujaza viriba. Hapo ndipo mawe yanapoanza kuonekana. Katika mashamba ya kinongo yanayopakana na uwanda hakuna jembe linaloshuka bila ya kugonga tumbawe, na mchimba udongo hana sababu ya kulichagua, maana yeye hulipwa kwa gari. Basi mwanachama hununua mawe, huyalipia nauli, na baadaye huwalipa watu wayatoe kwa vidole.

Rai yetu ni kwamba kila tawi lenye kitalu cha pamoja lijitengenezee chekeche la kutikisika, tena litengenezwe hapa hapa na mafundi wetu. Twajua wako wanaotaka tungoje mpaka chama kipate fedha za kuagiza mashine iliyo tayari. Sisi hatuoni haja. Mashine hiyo ikifika itakuwa ni sanduku, wavu, springi na chuma kizito kinachozunguka, nayo ikiharibika tutangoja tena kipuri chake.

Tufanye hesabu kidogo. Kiriba chenye upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 20 kikijaa humeza lita moja na nusu ya udongo. Kitalu cha miche 10,000 kwa hivyo chataka lita 15,000, nazo uzito wake ni karibu na tani 20. Udongo wote huo upite baina ya vidole vya binadamu! Na hiyo ni hesabu ya udongo uliokwisha safishwa. Ule ulioshushwa na gari ni mwingi kuliko huo.

Mzee mmoja wa chama ametuambia, kwa haki yake, kwamba mikarafuu ya Unguja iling'olewa na kimbunga cha 1872 ikapandwa upya, na waliopanda hawakuwa na chekeche. Ni kweli, lakini wazee hawakuwa na viriba pia. Walisia mapeta katika matuta ya ardhini, na mzizi wa mche ukikutana na jiwe ulikuwa na nafasi ya kulizunguka ukashuka zake. Ndani ya kiriba hakuna pa kuzungukia. Mzizi mkuu ukigonga jiwe hujipinda, na uliojipinda utotoni haunyooki tena shambani. Lakini hata huo si ubaya mkubwa. Ubaya mkubwa huja siku ya kupanda, unapochana kiriba na jiwe likaanguka, likavunja kibonge chote cha udongo na kukata mizizi myembamba iliyokishika. Mkarafuu si mgomba. Mizizi yake ikisumbuliwa hununa, majani hukauka ncha, na mara nyingi mwenye shamba hulaumu jua au mchwa, na mchwa wenyewe wamekuja baadaye kula kilichokwisha dhoofika.

Sasa tueleze chombo chenyewe. Fundi seremala afanye sanduku lisilo na kitako, urefu wa mita moja na nusu na upana wa sentimita 60, kwa mbao ngumu au chuma cha pembe. Chini akaze wavu wa waya mnene wenye matundu ya milimita 12, yaani nusu inchi. Wavu wa banda la kuku haufai, hukatika siku ya kwanza. Chini ya wavu zipitishwe fito mbili tatu za chuma ili usilegee katikati ukawa bakuli. Sanduku likalie springi nne, na springi za nyuma za pikipiki kuukuu zafaa sana. Upande wa kulishia uwe juu kuliko upande wa kutokea kwa sentimita 40 hivi, ili mawe yateremke yenyewe na udongo udondoke chini.

Kinacholitikisa ni uzito usiokaa katikati. Shafti fupi ipite chini ya sanduku kwa upana, ishikwe na beringi mbili zilizofungwa kwenye sanduku lenyewe, na juu ya shafti hiyo kifungwe kipande cha chuma upande mmoja tu. Chuma cha kilo moja kikiwa sentimita 5 kutoka katikati ya shafti, kikazungushwa mara 1,440 kwa dakika, ambao ndio mwendo wa mota nyingi za kawaida, huvuta kwa nguvu ipitayo uzito wa kilo 110, mara hii juu, mara hii chini, mara 24 katika kila sekunde. Sanduku la kilo 30 litacheza kadiri ya milimita 3 tu kwenda na kurudi. Mtu akiliangalia kwa mbali atadhani limesimama, lakini udongo ulio juu yake huchemka kama uji.

Kwa ajili ya nguvu hiyo hiyo, mota isifungwe kwenye sanduku. Ikae chini juu ya kigogo chake, ipeleke mwendo kwa mkanda, na makapi mawili yalingane ukubwa. Wanaofunga uzito moja kwa moja kwenye mota huokoa bei ya beringi mbili, halafu hununua mota mpya. Kipande cha chuma kikazwe kwa bolti na nati mbili juu ya kila bolti, na shafti na mkanda vifunikwe kwa bati nene. Hapa hatutaki ubahili hata kidogo, kwani chuma cha kilo moja kikichomoka kwa mwendo huo hakimchagui mtu. Watoto wakae mbali. Waya wa umeme afunge fundi anayejua, usipite juu ya udongo mbichi. Likiwashwa na likizimwa chekeche litayumba vibaya kwa muda mfupi, nalo likishika mwendo hutulia, msishtuke.

Na penye kitalu kilicho mbali na umeme? Umeme wa Tanga umevuka bahari kwa waya ukafika Pemba tangu 2010, lakini haukufika chini ya kila mwembe. Injini ndogo ya pampu ya maji yaweza kufanya kazi ile ile. Ikikosekana hiyo, lining'inizwe sanduku kwa kamba nne kwenye boriti, watu wawili walisukume huku na huku na wa tatu apakie kwa koleo. Kazi itakwenda polepole kuliko ya mota, lakini itashinda vidole. Na mwenye viriba 200 vya nyumbani asijisumbue na haya yote. Aegemeze wavu kwenye mti kama waashi wafanyavyo kwa mchanga, arushe udongo kwa koleo, amalize kabla ya adhuhuri.

Udongo uchekechwe ukiwa na unyevu kidogo tu. Uliolowa mvua huziba matundu yote na mtu hubaki kukwangua wavu kwa kisu. Uliokauka kabisa hutoa vumbi la kuwatia watu kikohozi, na hapo kila mmoja ajifunge kitambaa puani. Ufumbate mkononi, kisha uguse kwa kidole: ukivunjika mara moja, uko sawa. Mabonge yanayoteremka pamoja na mawe yasitupwe. Mara nyingi ndiyo udongo bora, yavunjwe kwa mgongo wa koleo yarudishwe juu. Samadi nayo ipite humo humo.

Sasa tuwatahadharishe wale wanaopenda kuzidisha. Tumekwisha sikia hoja ya kutia wavu mwembamba zaidi ili udongo uwe laini kama unga. Hapana. Udongo wa unga ukimwagiwa maji kwa wiki chache hushikana, maji hayapiti, na mkarafuu haupendi kusimama ndani ya maji. Wavu wa robo inchi uwekwe kwa udongo mchache wa kufunikia mbegu tu. La pili, chekeche hili lisithubutu kuguswa na karafuu. Atatokea mwerevu wa kutaka kulitumia kuondoa vumbi na makonyo wakati wa mavuno. Karafuu ikishaonja mchanga haina daraja tena, na hasara haitakuwa yake peke yake. La tatu, chekeche huondoa mawe, haliondoi maradhi, kwa hiyo udongo wa mahali palipokufa mikarafuu usiletwe kitaluni hata ukiwa hauna jiwe moja.

Mawe yatakayobaki yana kazi yake. Tawi linalolalamika kila mwaka kwamba halina sakafu ya kuanikia, na wanachama wake wakatandika majamvi pembezoni mwa barabara, litajikuta lina lundo la kokoto kwa ajili ya msingi wake.

Limebaki jambo la utunzaji, nalo ndilo linalotutia wasiwasi kuliko beringi na springi. Pampu ya kupulizia dawa ilikwisha nunuliwa na tawi moja, ikazunguka kwa watu mpaka hapana ajuaye ilipolala. Kwa chekeche twapendekeza awepo mtu mmoja aliyeandikwa jina, mwenye ufunguo wa mota na daftari. Anayelichukua atie saini, alipe ada ndogo ya grisi na mkanda, na alirudishe likiwa limepigwa brashi. Wasiokuwa wanachama waweza kukodishwa kwa bei ya juu kidogo, lakini baada ya vitalu vyetu kumaliza, si kabla.

Mwenye mota nzima isiyofanya kazi nyumbani, ya nusu ya nguvu ya farasi au zaidi, au springi za pikipiki zilizotupwa uani, ampelekee habari katibu wa tawi lake kabla ya mkutano ujao, aseme na bei anayoitaka.