Wi-Fi si chumvi ya kuombana

Dada zangu, kuna maneno yamezagaa mitaani kwetu na yamenichosha: eti mwanamke anayemnyima jirani nywila ya Wi-Fi ni mchoyo. Chumvi tunaombana, mkaa tunaombana, ndoo ya maji vilevile, basi na nywila nayo imetiwa kapu hilo hilo. Anapewa mtoto wa jirani, naye anawapa wenzake wa barazani, na ikifika Ijumaa hujui tena nani yumo nyumbani kwako.

Maana kuingia Wi-Fi yako ni kuingia ndani. Chumvi ukimpa mtu anaondoka nayo. Huyu anabaki, yuko mtandao mmoja na simu yako, televisheni yako, na kamera uliyoifunga kumwangalia mtoto akilala. Sisi ambao mgeni hapiti ukumbini bila kubisha hodi, sisi ambao Suratun-Nur imetufundisha kuombana ruhusa hata baina ya watu wa nyumba moja, mlango huu tunauacha wazi usiku na mchana, kisha tunauita ukarimu!

Sisemi kwamba jirani atasoma WhatsApp yako. Ujumbe ule umefungwa kutoka simu hadi simu. Hatari iko kwenye ruta yenyewe. Ruta nyingi zimekuja na jina "admin" na nywila "admin", na fundi akishafunga hukusanya waya zake akaenda. Aliyemo ndani ya mtandao akiandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari, mara nyingi anafika ukurasa wa mipangilio, na kwa nywila ile ya kiwandani anakuwa yeye ndiye mwenye nyumba. Anaweza hata kugeuza njia, ukiandika anwani ya benki ukapelekwa ukurasa wa bandia. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kwa malaki duniani, kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Uingereza tangu Aprili 2024 sheria inakataza kuuza vifaa vya nyumbani vyenye nywila rahisi za namna hiyo. Sisi tunamsubiri nani?

"Hayo mambo ya bwana." Bwana yuko kazini, wewe ndiye unayeshinda ndani na watoto. Na aliyeweza kupika biriani la watu 50 hashindwi na ukurasa mmoja. Ingia leo. Badilisha kwanza nywila ya "admin", halafu ya Wi-Fi: ndefu, tuseme maneno manne yasiyohusiana, na lisiwemo jina la mtoto wala namba ya simu. Simu zote zitatoka mtandaoni na watoto watapiga kelele, waache. Penye usalama chagua WPA2 au WPA3, kwani WEP ilishavunjwa tangu 2001. WPS zima. Ukiona pa kusasisha programu ya ruta, bonyeza.

Na wageni wa Idi je? Ruta nyingi zina mtandao wa wageni wenye nywila yake peke yake. Washa huo, waangalie video zao mpaka watosheke, wakiondoka uzime. Jirani akinuna, mpelekee sahani ya kaimati. Nywila hapati.