Gemu Mbovu, Pesa Zirudi

Mitihani ikiisha wengi tutanunua gemu za kompyuta mtandaoni. Tulinganishe maduka matatu. Steam na Epic hurudisha pesa ndani ya siku 14, mradi hujafikisha saa 2 za kucheza. GOG hutoa siku 30, tena hukuachia faili uhifadhi mwenyewe. Lakini hakuna hata moja litakalokuruhusu kumuuzia mwenzako gemu uliyoichoka, kama tunavyouziana vitabu vya mwaka jana.

Je, ikiwa mbovu baada ya saa 2? Mwaka 2016 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliitoza Valve, wenye Steam, dola milioni 3 kwa kuwapotosha wateja kuhusu haki hiyo. Basi dai, na utunze risiti: mali bila daftari hupotea bila habari.