Mfua nguo na mfua chuma

Mwanafunzi mmoja wa uuguzi hapa Ibra, ambaye bibi yake alikuja kutoka Unguja na Kiswahili chake chote, ameniuliza swali ambalo nadhani litawafaa na nyinyi wasomaji wangu. Katika somo la sumu amekuta maneno "fuller's earth". Kamusi ikamwambia fuller ni fundi wa nguo. Kaka yake, mpenzi wa majambia na panga za kale, akamwambia hapana, fuller ni mfereji kwenye upanga. "Dada, nani yuko sawa?"

Wote wawili.

Fuller wa kwanza ni mtu. Zamani kule Uingereza, kitambaa cha sufu kilitoka kwa mfumaji kikiwa kimelegea na kimejaa mafuta ya kondoo. Fuller alikitia majini pamoja na udongo maalumu, akakikanyaga na kukiponda mpaka mafuta yakatoka na nyuzi zikashikana. Wenzetu wanaofanya kazi huko hukutana na watu wa ukoo wa Fuller, Walker na Tucker. Majina yote matatu yanatokana na kazi hiyohiyo, ila kila eneo liliiita kivyake.

Udongo ule unaonyonya mafuta ndio uliomfikisha mwanafunzi wangu kwenye somo la sumu. Hospitalini umetumika, kama mkaa wa dawa, kumnywesha mgonjwa aliyekunywa parakwati, dawa ya kuulia magugu, ili uishike sumu tumboni kabla haijaingia mwilini. Saa chache tu zikipita, faida yake huwa ndogo sana. Dada zangu mnaonunua multani mitti ya kupaka usoni, udongo wenu ni wa jamii hiyo, lakini msije mkajifanyia tiba nyumbani. Aliyekunywa parakwati, hata funda moja, apelekwe hospitali hapohapo, hata kama anasema hajambo. Sumu hii humwacha mtu akizungumza vizuri huku mapafu yakiharibika.

Fuller wa pili ni chombo cha mhunzi: chuma chenye ncha ya mviringo, kinachowekwa juu ya chuma chekundu na kugongwa nyundo mpaka kiache mfereji. Mfereji wenyewe nao huitwa fuller. Wako wanaosema ni wa kupitishia damu. Si kweli, unapunguza uzito wa upanga bila kuulegeza. Ukifika soko la Nizwa, tazama ule upanga mrefu ulionyooka unaochezewa razha. Baadhi yake utaiona mifereji hiyo.

Kamusi za Kiingereza huyahesabu haya kuwa maneno mawili yanayofanana. Sisi tuna neno moja tu, kufua, na maana yake kubwa ni kupiga. Yuko mfua nguo, yuko mfua chuma, yuko mfua fedha. Fuawe ni pande la chuma ambalo mhunzi hugongea juu yake. Kifuo ni kile kijiti kilichochongoka cha kufulia nazi. Mfuo ni mstari au mfereji mwembamba, yaani karibu kabisa na ule wa kwenye upanga! Asiyemweza mwenzake hafui dafu. Na Tanzania hata umeme hufuliwa: bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kufua megawati 2,115.

Watoto wetu wa hapa, Ibra hata Sur, wanalijua kufua la mashine tu, la kubonyeza kitufe. Kiarabu wanachosoma shuleni hakiwasaidii katika hili, maana haddad ni wa chuma na kufua nguo kuna neno lake jingine. Bibi zao ndio walioziona nguo zikipigwa juu ya jiwe, na hao bibi tunao wachache.

Kama kwenu kufua kuna kazi nyingine ambayo sikuitaja, niandikieni, na mseme mmeisikia kwa nani na wapi.