Mwimbaji wa opera aliyerudi darasani

MZAZI wa mjini akiambiwa na mwanawe kwamba anataka kuishi kwa kuimba, huuliza swali moja tu: "Na utakula nini?"

Bi. Camilla Williams alikuwa na jibu tayari. Alizaliwa 1919 mjini Danville, jimbo la Virginia, Marekani, babake akiwa dereva. Alisomea ualimu kwanza, akahitimu 1941 na kwenda kufunza watoto wa darasa la tatu.

Lakini sauti haikumwacha atulie. Mwaka uliofuata alihamia Philadelphia kujifunza uimbaji, na ili apate riziki akawa akiwaonyesha watazamaji viti vyao katika ukumbi wa maonyesho.

Mei 15, 1946, ikawa zamu yake kutazamwa. Alipanda jukwaani New York katika "Madama Butterfly" ya Puccini, kisa cha msichana Mjapani aliyeachwa na mwanamaji Mmarekani. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupata mkataba na kampuni kubwa ya opera nchini humo, New York City Opera. Si jambo dogo, msomaji. Katika jiji hilo hilo, Metropolitan Opera ilingoja hadi Januari 1955 ndipo ikampa mweusi wa kwanza nafasi ya kuimba kama mhusika, naye ni Marian Anderson.

Agosti 28, 1963, Bi. Anderson alipokwama katika umati wa maandamano ya Washington, ni Bi. Williams aliyeimba wimbo wa taifa mahali pake.

Baadaye alirudi kwenye kazi yake ya kwanza. Mwaka wa 1977 Chuo Kikuu cha Indiana kilimwajiri kufunza uimbaji, profesa mweusi wa kwanza katika somo hilo chuoni hapo.

Lakini kuimba hufunzwaje? Mwimbaji wa opera hatumii kipaza sauti. Sharti sauti yake ipenye okestra nzima imfikie aliyeketi safu ya nyuma kabisa. Nguvu hiyo haitoki kooni, kama tunavyodhani wengi wetu tunaokauka sauti kila Jumapili kanisani. Hutoka kwenye pumzi, inayodhibitiwa na misuli ya mbavu na tumbo. Anayekaza koo huichosha sauti yake mapema.

Tena mpiga gita hukiona chombo chake, mwimbaji hakioni. Hata sauti yake mwenyewe haisikii tunavyoisikia sisi, kwani sehemu yake humfikia kupitia mifupa ya kichwa. (Jirekodi kwa simu, utauliza huyo ni nani.) Kwa hivyo huhitaji sikio la mtu mwingine, hata awe maarufu vipi.

Bi. Williams alikuwa sikio hilo chuoni Indiana kwa miaka 20. Mwaka wa 1984 alifunza hata Beijing, Uchina. Alistaafu 1997 lakini akabaki Bloomington, mji wa chuo chake, hadi alipofariki Januari 2012 akiwa na umri wa miaka 92.