Okidi na samaki wa Nyasa: Tuzalishe, tusichimbe

WAKULIMA wa Kyela wamezoea kuhesabu fedha za kakao na mpunga. Ni wachache waliowahi kufikiri kwamba okidi ndogo iliyojishikiza kwenye tawi la mti wa kivuli, samaki wa rangi anayejificha kwenye mawe ya Matema na chura mdogo anayelia bondeni usiku ni viumbe ambao wapo watu Ulaya, Marekani na Japan walio tayari kulipa fedha ili wawe nao.

Watu hao hufuga bustani ndani ya sanduku la kioo. Chini huweka maji na samaki wadogo, juu vipande vya miti vilivyopandwa okidi ndogo, na katikati vyura. Maji hunyunyizwa kama umande na taa hufanya kazi ya jua. Kwa maneno mengine, mtu hujitengenezea Kyela yake sebuleni. Sisi hali hiyo ya hewa tunayo bure, kwani sehemu za Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka.

Swali la mkulima na mfanyabiashara mdogo ni moja: katika biashara hii, nani anabaki na fedha?

Historia inatupa jibu lisilofurahisha. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau kutoka Usambara. Leo ua hilo, Saintpaulia, linauzwa kwenye vyungu duniani kote. Fedha zimekwenda kwa wenye vitalu vya huko, si kwa wakulima wa Lushoto au Muheza.

Samaki wa Ziwa Nyasa wamepita njia hiyohiyo. Wenzetu wa Malawi walianza kuuza nje samaki wa mapambo, hasa wale wa kwenye mawe waitwao mbuna, tangu miaka ya 1960. Lakini mbuna wengi wanaouzwa madukani leo hawajawahi kuliona ziwa. Wamezaliwa kwenye mabwawa ya Florida na nchi za Asia.

Somo ni kwamba anayeokota huuza mara moja, na anayezalisha huuza kila mwaka.

Kwa bahati mbaya, Nyanda za Juu Kusini tumekuwa waokotaji. Vinundu vya okidi za ardhini huchimbwa na kuvushwa kwenda Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa kitoweo kiitwacho chikanda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kuwa hadi vinundu milioni 4 vilikuwa vikitoka nchini kwa mwaka. Anayeng'oa kinundu ameua mmea. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005 na yenye aina zipatazo 45 za okidi, inalinda sehemu tu ya utajiri huo.

Hatuwalaumu wachimbaji. Kijana asiye na shamba la kutosha huuza kinachopatikana. Lakini ni lazima aonyeshwe njia nyingine, na njia hiyo ipo.

Mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi, na hazioti kirahisi shambani. Huoteshwa maabara, ndani ya chupa, kwa utaalamu unaokaribiana na ule wa kuzalisha miche ya migomba na viazi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mkataba wa kimataifa wa CITES, unaodhibiti biashara ya okidi zote, kwa aina nyingi hausimamii miche iliyooteshwa maabara na kusafirishwa ndani ya chupa safi isiyo na vimelea. Mmea uliong'olewa porini una vikwazo vingi. Mche wa chupa mlango wake uko wazi zaidi, ingawa cheti cha afya ya mimea bado kinahitajika.

Kwa upande wa samaki, mbuna ni mfugo rahisi kueleweka. Jike hubeba mayai mdomoni kwa takriban wiki tatu, kisha huachia watoto waliokwisha kukomaa kiasi. Ila tuwe wakweli: mbuna hawafai kwenye bustani ya kioo yenye okidi na vyura. Ni wagomvi, hutafuna na kufukua mimea, na hupenda maji magumu kama ya ziwa lao. Soko lao ni la matangi ya peke yao.

Anayetaka kuanza afike kwanza kwa ofisa uvuvi wa wilaya kuulizia leseni, na asichimbe bwawa mahali ambapo Mto Kiwira au Mbaka hufurika. Huko Cape Maclear, Malawi, samaki walioletwa na wafanyabiashara kutoka sehemu nyingine za ziwa walizaliana na kuingia katika maeneo ya wenyeji. Hasara ya namna hiyo hairudishwi.

Vyura tuwaache. Machi 2016 Serikali ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na vyura wanaohamishwa ovyo hueneza ugonjwa wa ukungu unaoua wenzao. Vyura wa Kihansi waliookolewa kwenye matangi ya kioo huko Marekani kuanzia mwaka 2000 walisafirishwa kwa makubaliano na Serikali, na baadaye wakarudishwa nyumbani. Hiyo ilikuwa kazi ya wataalamu, si biashara ya gulio.

Tunachopendekeza ni hiki. Kituo cha utafiti cha Uyole na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine waoteshe aina chache za okidi ndogo za kwetu. Halmashauri za Kyela, Rungwe na Makete zitafute vikundi vya vijana na akina mama wa kuzikuza chini ya kivuli cha mikakao. Waanze na hoteli na nyumba za Mbeya na Dar es Salaam kabla ya kuota Ulaya. Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, umefupisha safari ya mzigo ulio hai.

Mkulima naye asing'oe mkakao kwa ajili ya okidi. Mche wa chupa unaweza kuchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua, na kakao ndiyo itakayolipa ada ya shule katika miaka hiyo.

Usambara tulichelewa kwa zaidi ya karne. Kyela bado hatujachelewa, mradi jembe la kuchimbia liwekwe chini sasa.