Kidonda Kimefunga, Lakini Siye Yule



Miezi michache iliyopita, baada ya ibada, mama mmoja alinivuta pembeni. Mumewe aliumia kichwa katika ajali ya pikipiki. "Dada, kidonda kimefunga, lakini huyu siye mwanamume aliyenioa. Anasahau, anafoka kwa jambo dogo, mchana kutwa amelala. Ndugu zake wanasema ni uvivu. Nafikiri nirudi kwetu."

Nikamweleza kiuuguzi kwamba ubongo ulioumia huchoka upesi, na kwamba kusahau na hasira za ghafla huweza kutokana na jeraha lenyewe, wala si ukorofi. Alinisikiliza kwa adabu tu. Machozi yalimtoka siku nilipompeleka kwa mama wa mtaa wa pili, ambaye kijana wake aliumia vivyo hivyo. Yule mwenyeji alimwuliza neno moja: "Naye anakimbia kelele za watoto?" Wakazungumza hadi jua likazama.

Sasa kijana na yule baba hukutana kila Jumamosi. Kijana huandika shughuli zake zote katika daftari, na baba naye amenunua lake. Mimi nilimshauri hivyo mara tatu, hakunisikia!

Jambo hili si geni. Nchini Marekani, Marilyn Price Spivack, ambaye binti yake aliumia ubongo katika ajali ya gari, alianzisha pamoja na mumewe chama cha watu wa namna hii mwaka 1980. Chama hicho kipo hata leo.

Mama, nawe waweza kuanza na watu wawili au watatu. Zimeni redio, azungumze mmoja mmoja, na saa moja yatosha. Wake na mama zao wapate pia wakati wao peke yao. Yanayosemwa yabaki humo ndani. Lakini msiache dawa wala kliniki. Kichwa kikizidi kuuma, mgonjwa akitapika, akishikwa na kifafa au akiwa na usingizi usio wa kawaida, mkimbizeni hospitali mara moja.

Yule mama hakurudi kwao. Jumapili iliyopita nilimwuliza hali. "Bado anafoka, dada," akanijibu. "Ila sasa ninaye wa kumwambia."

Tukutane mwezi ujao.