Upele Kambini: Dawa Ipo, Mgonjwa Haipati

Miongoni mwa maradhi yanayowasumbua watu wanaoishi kwa wingi mahali pamoja, upele ni mmoja wa yale yanayotajwa kwa nadra sana. Askari mwenye malaria huenda kwa mganga bila haya, na aliyeteguka mguu huchechemea hadi dispensari huku wenzake wakimtazama. Lakini yule anayejikuna usiku kucha hukaa kimya, kwa sababu watu wamezoea kuuhesabu upele kuwa ni ugonjwa wa wachafu. Kwa maoni yetu, kimya hicho ni mojawapo ya sababu kubwa zinazoifanya dawa yake iwe adimu, hapa Kampala na kwingineko.

Inafaa kwanza tumfahamu adui. Upele huletwa na utitiri, mdudu mdogo ambaye jicho tupu humwona kwa shida. Jike huchimba handaki katika ngozi ya juu, na humo hutaga mayai 2 au 3 kila siku. Mgonjwa wa kawaida huwa na wadudu 10 hadi 15 tu mwilini mwake. Mtu anayeambukizwa mara ya kwanza hukaa majuma 4 hadi 6 kabla ya kuanza kuwashwa, na katika muda huo wote anaweza kuwaambukiza wengine. Hiyo ndiyo hila ya mdudu huyu: mtu wa kwanza anapoanza kujikuna, chumba kizima kimekwisha kuvamiwa.

Kuhusu uchafu, jeshi moja lilijifunza ukweli wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Askari wa Uingereza walipokuwa wakisumbuliwa mno na upele, mtaalamu wa wadudu Kenneth Mellanby aliwakusanya mjini Sheffield watu waliojitolea, wengi wao wakiwa wamekataa kubeba silaha kwa ajili ya dhamiri zao. Aliwalaza katika mablanketi yaliyokuwa yametumiwa na askari wagonjwa, bila kuyafua. Walioambukizwa walikuwa wachache sana. Ilidhihirika kwamba utitiri huhama hasa kwa ngozi kugusana na ngozi kwa muda, wala si kwa blanketi. Tunasema bila kusita kwamba watu hao, ingawa hawakushika bunduki, walilitumikia jeshi.

Basi upele ni ugonjwa wa msongamano kuliko uchafu. Yeyote aliyewahi kuishi katika vile vibanda vya mabati vya mviringo katika kambi zetu za polisi, ambavyo askari wenyewe walivipa jina la mama ingia pole, anaelewa maana yake. Baba, mama na watoto hutengwa kwa pazia tu. Humo mtu anaweza kuoga mara mbili kwa siku kwa sabuni nzuri na bado akaupata upele kutoka kwa mtoto anayelala ubavuni pake. Mahabusu na magereza yana hali hiyo hiyo, na afisa anayempekua mshukiwa na kumshika mikono kila siku hawezi kujidanganya kwamba jambo hilo halimhusu.

Sasa tuje kwenye dawa. Dawa za upele zinajulikana, na nyingi ni za zamani. Kuna maji meupe ya benzili benzoeti ya asilimia 25, ambayo wauguzi wetu huyaita BBE. Hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, hukaa mwilini saa 24, kisha hurudiwa kama mganga atakavyoagiza. Huwasha na kuchoma, na kwa watoto sharti yapunguzwe nguvu. Kuna krimu ya permethrini ya asilimia 5, ambayo hukaa saa 8 hadi 14 na kurudiwa baada ya juma moja au mawili. Hiyo huweza kutumiwa hata kwa mtoto wa miezi 2. Kuna vidonge vya ivermektini, ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviingiza mwaka 2019 katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya upele. Hivyo havipewi mwanamke mjamzito wala mtoto mwenye uzito chini ya kilo 15.

Kama dawa zinajulikana, kwa nini mgonjwa hatoki nazo hospitalini? Ada za matibabu katika vituo vya serikali ziliondolewa mwaka 2001, na kwa kanuni dawa hizi hutolewa bure. Lakini mara nyingi mgonjwa hupewa karatasi na kuambiwa akanunue nje. Naye huteremka hadi William Street au Wandegeya, akazunguka duka hadi duka, akapata tyubu moja ya gramu 30. Huipaka mwenyewe, hupata nafuu kwa siku chache, kisha utitiri humrudia kutoka kwa mkewe au kwa mwenzake wa kitanda cha pili. Hapo husema kwamba dawa ni mbovu. Dawa si mbovu. Kipimo kimoja cha mtu mzima huhitaji karibu tyubu nzima, na dawa hurudiwa mara ya pili. Kwa hiyo watu wazima sita wanaoishi pamoja wanahitaji tyubu 12, si moja. Tyubu ile moja ni kama kumtuma askari mmoja akalizingire pori.

Tufanye hesabu nyingine, ya kikosi. Ivermektini hutolewa kwa uzito, mikrogramu 200 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 huhitaji miligramu 12, na kipimo cha pili baada ya siku 7 hadi 14 huzifanya kuwa 24. Platuni ya watu 30 wa uzito huo itahitaji miligramu 720, yaani vidonge 120 vya miligramu 6. Hicho si kiasi cha kuishangaza bohari yoyote, ila ni lazima mtu akiandike na kukiomba.

Na hapa ndipo panapovuja. Bohari ya Taifa ya Dawa, ijulikanayo kwa herufi NMS, hununua kwa makadirio, nayo makadirio hutokana na vitabu vya wagonjwa. Utaratibu ulioanzishwa mwaka 2010 ulivipelekea vituo vidogo vya ngazi ya pili na ya tatu makasha ya dawa yaliyokwisha kupangwa, ilhali hospitali na vituo vikubwa viliagiza vyenyewe. Katika njia zote mbili, ugonjwa usioandikwa haununuliwi dawa. Askari 40 wakijikuna katika bweni moja na 2 tu wakaandikishwa, kitabu kitasema kuna wagonjwa 2, na bohari itakisadiki kitabu. Hatusemi kwamba bohari haina lawama kabisa; dawa huchelewa, na wakati mwingine hufika zikiwa zimebakiza muda mfupi kuharibika. Lakini hatuwezi kuilaumu kwa kukosa kuleta kitu ambacho sisi wenyewe tulikificha.

Wala uhaba huu si wetu peke yetu. Mwaka 2023 Uingereza, nchi yenye viwanda na fedha, ilipungukiwa na dawa za upele hata madaktari wake wakapaza sauti. Kwa upande wa ivermektini, miaka ya 2020 na 2021 watu wa nchi nyingi, Uganda ikiwemo, waliivamia madukani wakidhani itawakinga na korona. Wenye upele, ambao kweli walikuwa na haja nayo, waliachiwa bei ya juu.

Kuna jambo jingine lenye kustaajabisha kidogo. Ivermektini hiyo hiyo imegawiwa bure kwa mamilioni ya Waafrika. Tangu mwaka 1987 kampuni ya Merck iliahidi kuitoa bila malipo dhidi ya ugonjwa wa usubi unaopofusha watu kandokando ya mito, na baadaye dhidi ya matende. Vijiji vingi vya Uganda viliipata kwa njia hiyo. Lakini msaada huo una masharti: ni wa usubi na matende, si wa upele. Hata hivyo utitiri hausomi masharti. Unguja na Pemba, ambako ugawaji dhidi ya matende ulianza mwaka 2001, wagonjwa wa upele waliofika vituoni walipungua sana. Na huko Fiji, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, visiwa ambavyo watu wake wote walipewa vidonge hivyo viliuona upele ukishuka kutoka asilimia 32 hadi chini ya asilimia 2 kwa mwaka mmoja. Siri yake ilikuwa ni kuwatibu wote kwa wakati mmoja, wenye kuwashwa na wasiowashwa. Hakuna mahali rahisi pa kufanya hivyo kuliko kambi, penye paredi, orodha ya majina na amri.

Kwa hiyo, msaada wa kweli kwa mgonjwa huanza na kalamu. Koplo mmoja anapothibitishwa kuwa na upele, mganga wa kikosi aandike pia majina na uzito wa wote wanaolala naye, mke na watoto wakiwemo, kisha ombi la dawa lipelekwe likiwa moja kwa ajili ya wote. Kamanda alitie sahihi kama anavyotia sahihi ombi la viatu. Dawa ikifika, igawiwe na kupakwa usiku mmoja, familia zikiwemo; kuwatibu askari na kuwaacha wake zao ni kuupa utitiri likizo tu. Nguo na mashuka ya siku tatu zilizopita yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa, au yafungwe mfukoni kwa siku kadhaa, kwa kuwa utitiri haudumu zaidi ya siku 2 au 3 nje ya mwili wa mtu.

Na dawa zote hizo zikikosekana, bado ipo marhamu ya salfa ya asilimia 5 hadi 10 katika mafuta mazito, ambayo mfamasia wa hospitali aweza kuichanganya mwenyewe. Inanuka, na yapakwa usiku tatu mfululizo, lakini inatibu, na haina hatari kwa mjamzito wala mtoto mchanga. Tunashangaa kwamba imesahauliwa.

Kisichofaa kabisa ni yale yanayofanyika kwa siri. Wapo wanaojipaka dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuua kupe, na wapo wanaonunua ivermektini ya sindano ya mifugo na kuinywa kwa kukisia. Hiyo ni sumu iliyopimwa kwa uzito wa fahali. Wapo pia wanaotumia zile krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi. Hizo hutuliza mwasho na kuuficha upele, huku utitiri ukizidi kuzaliana. Si jambo la mzaha, kwani mikwaruzo ya kujikuna huingiza bakteria, na kwa watoto bakteria hao waweza kudhuru figo.

Chawa ana habari tofauti. Chawa wa mwili haishi katika ngozi bali katika mishono ya nguo, naye ndiye wa kuogopwa, kwa maana hueneza homa ya tifasi. Burundi iliyaona hayo katika vita vya miaka ya 1990: ugonjwa huo, ambao wenyeji waliuita sutama, uliwaangukia watu wengi katika kambi za wakimbizi wa ndani. Lakini chawa huyo hahitaji dawa ya kutafutwa mjini. Maji yanayochemka, au pasi ya makaa ikipitishwa polepole juu ya mishono, humwua pamoja na mayai yake. Wa kichwani humalizwa na wembe. Dawa iliyo adimu na iwekewe wagonjwa wa upele.

Tahadhari moja ya mwisho kwa yule aliyekwisha kutibiwa. Mwasho waweza kuendelea kwa majuma 2 hadi 4 hata baada ya utitiri wote kufa, kwa kuwa ngozi bado inaukataa mzoga uliobaki ndani. Asikimbilie kununua tyubu nyingine katika siku hizo. Arudi kwa mganga iwapo atapata vipele vipya au mwasho utapita muda huo, na jina lake liandikwe tena kitabuni.